Saa inayong'aa gizani: mwanga wake unatoka wapi?

Zipo saa za mkono na za mezani ambazo usiku wa giza unaziona wazi, bila taa wala kubonyeza kitufe. Siri iko kwenye rangi iliyopakwa mishale na tarakimu. Hapa tunaeleza aina mbili za rangi hiyo, kwa sababu moja haina madhara na nyingine ni ya kuogopwa.

Rangi inayotunza mwanga

Hii ndiyo iliyomo katika saa nyingi za siku hizi. Hupokea mwanga wa jua au wa taa, kisha huutoa polepole gizani. Mwanzoni hung'aa sana, baadaye hufifia. Ukiifungia saa kabatini siku kadhaa, haitang'aa mpaka uitoe tena mwangani.

Rangi yenye rediamu

Saa nyingi za zamani, hasa za kabla ya miaka ya 1960, zilipakwa rediamu, elementi iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Rediamu hutoa mionzi yenyewe usiku na mchana. Ilichanganywa na unga wa zinki salfaidi, na mionzi ilipougonga unga huo, ukang'aa bila kuhitaji jua.

Madhara yake yaliwapata kwanza wafanyakazi. Huko Marekani, wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Kila mara walimeza rediamu kidogo, nayo ikajikusanya mifupani. Taya zao zilioza, na baadhi walifariki. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki kampuni iliyowaajiri, na mwaka 1928 wakakubaliana kulipwa fidia.

Je, una saa ya babu?

Rediamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu, lakini ule unga huchakaa mapema zaidi. Kwa hiyo saa ya zamani iliyoacha kung'aa bado yaweza kuwa na mionzi. Hatari kubwa ni kumeza rangi hiyo au kuvuta vumbi lake.

Tunashauri usiifungue, usiikwangue, wala usimpe mtoto aichezee. Kioo kikivunjika, usipulize vumbi. Itie saa kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, kisha unawe mikono kwa sabuni. Ukiipeleka kwa fundi, mwambie mapema kwamba huenda ina rediamu.