Kompyuta Kuukuu na Mfumo Mpya

Tuchukue mfano wa kompyuta iliyoundwa mwaka 2013, ambayo leo yatumika katika shule ya sekondari huko Malolo, wilayani Ruangwa. Huchapa mitihani, hutunza alama na kuonyesha michoro ya baiolojia. Haijachakaa. Hata hivyo, tarehe 14 Oktoba 2025 mfumo endeshi wake, Windows 10, ulikoma kupata masahihisho ya kawaida ya usalama, na mrithi wake, Windows 11, hukataa kuingia humo. Kwa nini?

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya mtumiaji na mashine yenyewe: hugawa kumbukumbu, huamuru diski, na huzipangia programu nyingine zamu ya kutumia prosesa. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, masharti ambayo kompyuta nyingi kuukuu huyatimiza. Kikwazo ni mengine mawili: chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, itunzayo funguo za siri. Na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo, isipokuwa chache, huanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017.

Hapa yafaa tutofautishe kutoweza na kukatazwa. Prosesa nyingi za mwaka 2013 zaweza kuendesha Windows 11. Huzuiwa na ukaguzi tu. Mafundi huukwepa ukaguzi huo, lakini Microsoft haiahidi kuiletea mashine ya namna hiyo masahihisho. Prosesa za kale zaidi, kama Core 2 Duo, zina shida nyingine kabisa. Hazina amri iitwayo POPCNT, ihesabuyo tarakimu 1 zilizomo katika namba iliyoandikwa kwa 0 na 1. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 haiwaki bila amri hiyo, na hapo ujanja wa fundi haufui dafu.

Kubaki na mfumo usiosahihishwa ni hatari hata pasipo intaneti, kwani flashi zinazozunguka kati ya stesheneri na shule hubeba virusi, navyo huweza kufuta alama za mwaka mzima.

Kwa maoni yetu, njia iliyo bora kwa mashine hizo ni Linux. Debian 13, ya mwaka 2025, hupatikana bure na haidai TPM. Wala programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Ni kweli kwamba majedwali ya Word mara nyingine hupinda yakifunguliwa humo, na programu kadhaa za Windows hazitafanya kazi. Kwa hiyo hapana budi kujaribu kwanza. Mwalimu anakili faili zake pengine, kisha aiwashe Linux kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski, aone kama printa na mtandao vinaitika. Asiporidhika, azime mashine na kuichomoa flashi. Windows yake ataikuta palepale.