Tela Chakavu Laweza Kuwa Kivuko

Tela bapa la lori lililochoka barabarani bado lina mihimili mirefu ya chuma iliyoundwa kubeba tani nyingi. Likiondolewa magurudumu, tela la takriban mita 12 laweza kuvusha waenda kwa miguu juu ya kijito kwa gharama nafuu.

Hata hivyo, chuma ndicho sehemu rahisi. Barabarani, tela hushikiliwa na kichwa cha lori mbele na magurudumu nyuma. Likilazwa juu ya kijito hubebwa ncha kwa ncha, na katikati hulemewa zaidi. Ndiyo maana mhandisi hukagua kwanza kutu na nyufa, kisha hutaja uzito unaoruhusiwa. Bajaji ni hesabu nyingine kabisa.

Kazi kubwa iko kwenye kingo: misingi ya mawe na zege ishuke chini ya udongo unaochimbwa na maji. Wakazi wa Jangwani, jirani na Kariakoo, waliuona Mto Msimbazi Desemba 2011. Kivuko kilichowekwa chini ya kimo cha mafuriko hunasa takataka, na maji yakazibwa hugeukia nyumba.

Wakazi wenye wazo hilo walifikishe Serikali ya Mtaa, ili TARURA na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu zihusishwe kabla ukingo haujachimbwa.