Ukipeleka watoto kutazama samaki, mwogope mbu kuliko papa

Likizo ya shule inapokaribia, wazazi wengi wa huku kwetu Bisil, Kajiado na Kitengela huanza kusumbuliwa na watoto wao kuhusu safari ya pwani. Mtoto amemwona pomboo kwenye televisheni, sasa anataka kumwona kwa macho yake. Zamani safari hiyo ilikuwa ya usiku kucha ndani ya basi. Tangu treni ya Madaraka Express ianze kubeba abiria mwaka wa 2017, jamaa ya Bisil inaweza kuondoka nyumbani alfajiri, ikapanda treni Syokimau na kufika Mombasa siku hiyo hiyo. Jambo jema. Hata mimi huwashauri wazazi wenye uwezo wawapeleke watoto wao.

Lakini wanapopitia kliniki kabla ya kusafiri, swali lao aghalabu ni moja tu: "Daktari, na papa je?"

Msomaji mpendwa, papa mwache. Hifadhi zetu za bahari ziko ndani ya miamba ya matumbawe, na visa vya papa kumshambulia mtu katika maji hayo ni nadra mno. Yanayomdhuru mtoto wa bara akienda pwani ni mambo ambayo hayatishi hata kidogo kwa kuyatazama: maji yenyewe, jua, na mbu mmoja anayempata usingizini. Huyu wa mwisho ana hila zaidi, kwa sababu ubaya wake huonekana baada ya nyinyi kurudi nyumbani na kuisahau safari.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali mnapokwenda. Katika nchi kama Marekani, pomboo hufugwa katika mabwawa yaliyojengwa, watu wakakaa kwenye viti na kutazama. Kwetu hifadhi ni bahari yenyewe. Hifadhi za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka wa 1968, na baadaye zikafuata nyingine kama vile Kisite karibu na Shimoni na ile ya Mombasa kati ya Nyali na Bamburi. Zote zinasimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS. Hakuna ukuta wala kina kilichopimwa, na hospitali haiko nje ya lango. Ukiwa Shimoni, hospitali kubwa iliyo karibu ni ya Msambweni. Ukiwa Watamu, utakimbilia Malindi. Yajue hayo kabla ya kuingia mashuani, na uhakikishe malipo yako ya SHA hayajalala.

Chagua mahali kulingana na umri wa mtoto, si kulingana na picha za jirani yako. Safari ya Kisite ni ya siku nzima na sehemu yake hupita bahari ya wazi. Kwa maoni yangu haimfai mtoto wa chini ya miaka saba au minane. Atatapika, atachomwa na jua, na pomboo watakapotokea atakuwa amelala. Walio wadogo watafurahia zaidi mashua zenye sakafu ya kioo za Mombasa au Watamu, ambapo mtoto huwaona samaki bila kulowa. Na mdogo kabisa mpeleke Haller Park, Bamburi, machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaliyopandwa miti kuanzia mwaka wa 1971. Huko ndiko alikopelekwa Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baharini karibu na Malindi mwezi wa Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Kisa hicho watoto hawachoki kukisikia.

Tazama pia msimu. Pepo za kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, huleta maji matulivu na maangavu. Kusi huanza Aprili na huchafua bahari hadi Septemba hivi, kwa hiyo likizo ya Agosti ina mawimbi, ingawa ndiyo miezi ambayo nyangumi hupita Watamu. Likizo ya Aprili hukuta mvua ya masika, nayo mvua huzaa mbu. Nikiulizwa, nasema Desemba, joto lake likiwa ndilo gharama yake.

Sasa maji. Mtoto wa Bisil anajua bwawa la kunyweshea ng'ombe na mto wa msimu unaokauka. Hajui kwamba bahari hutembea. Katika pwani yetu tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita tatu wakati wa bamvua, yaani mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu. Fungu la mchanga alilosimama saa nne asubuhi laweza kuwa limefunikwa kabisa adhuhuri. Mwulize nahodha saa za maji kabla hujalipa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wazazi hudhani kwamba anayezama hupiga mayowe na kurusha mikono. La hasha. Mtoto anayezama huwa kimya, kwa kuwa kinywa chake kiko majini na pumzi yake yote anaitumia kujaribu kuinuka. Mambo huisha katika dakika chache, nanyi mko hatua kumi mkigawana viazi. Kwa hiyo mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwatazama watoto na asiwe na kazi nyingine. Asishike simu wala kupiga picha, na akichoka akabidhi zamu kwa kutaja jina: "Baba Lemayian, sasa ni wewe." Watoto wakitazamwa na watu wote, hakuna anayewatazama.

Jaketi la kuokoa maisha lijaribiwe nchi kavu. Mvalishe mtoto, funga mikanda yote, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likimpanda hadi kwenye masikio, ni kubwa na litamvuka majini. Omba jingine. Nahodha akikuambia hana la mtoto, shuka mashuani. Pesa zitarudi siku nyingine.

Ikitokea mtoto ametolewa majini hapumui, usimning'inize miguu juu wala usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi tano kinywani ukitazama kifua kikiinuka. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo huku mwenzako akitafuta gari. Aliyezinduka naye apelekwe hospitalini hata kama anacheka, hasa akiwa anakohoa, kwani mapafu yaliyoingia maji yaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.

Viumbe wa baharini wanaoumiza ni wale wanaokanyagwa au kushikwa. Wa kwanza ni yule mweusi, wa mviringo, mwenye miiba mirefu kama nungunungu, anayekaa miambani. Viatu vya plastiki vya kufunga mguu vitamkinga mtoto kwa sehemu kubwa. Taa hujificha mchangani. Mfundishe mtoto aburure nyayo anapotembea majini, taa atasikia na kuondoka. Mtoto akichomwa na mmojawapo wa hawa, tumbukiza mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia kwa nusu saa au zaidi. Joto hulegeza maumivu ya sumu hizo. Maji hayo yajaribu wewe mwenyewe kwanza, kwa maana mguu wenye maumivu makali hauhisi kuungua. Ondoa kwa kibanio miiba inayoonekana, usiiponde kwa jiwe. Wenyeji hupaka utomvu wa papai. Sina ugomvi nao, ila mwiba uliozama karibu na kiungo ni kazi ya hospitali.

Yavuyavu, yule kiumbe laini anayeelea kama mfuko wa nailoni, huacha alama kama za kiboko. Osha kwa maji ya bahari, si ya bomba, na usisugue kwa mchanga. Mkojo hausaidii kitu, mnajisumbua bure. Makombe nayo yaachwe yalipo. Kuyatoa hifadhini ni kosa, tena kuna konokono wa baharini wenye gamba zuri la umbo la pia ambao sumu yao yaweza kumwua mtu mzima.

Jua halichagui rangi. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua lakini huungua, na maji humrudishia mtoto jua kutoka chini hata akiwa na kofia. Fulana ya mikono mirefu inashinda mafuta ya kukinga jua, ingawa mtoto mwenye ulemavu wa ngozi anahitaji vyote viwili na kivuli juu. Mnyweshe maji kila baada ya muda mfupi, bila kungoja aombe. Mkojo wake ukiwa wa manjano iliyokolea, mmechelewa. Chupa ziwe za kujaza tena, kwani plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku katika hifadhi na fuo zetu tangu Juni 5, 2020. Beba pia pakiti chache za chumvi ya kuharishia. Anayesumbuliwa na mawimbi ale kidogo, akae katikati ya mashua na atazame mbali. Dawa za kuzuia kutapika nazo nyingi humlevya mtoto, kwa hiyo usimpe bila ushauri.

Narudi kwa mbu. Huku kwetu malaria ni chache na huja kwa msimu. Kwale, Mombasa na Kilifi iko mwaka mzima. Mtoto aliyekulia Kilifi ameumwa mara nyingi hadi mwili wake umezoea kupigana na ugonjwa huo, hata kama si kikamilifu. Wako hana kinga hiyo. Malaria ikimwingia humwangusha kwa kasi. Hata mzazi aliyezaliwa pwani na kuishi bara kwa miaka mingi, kinga yake imepungua sana.

Mbu wa malaria huuma tangu jua kuchwa hadi alfajiri. Hatari basi haiko mashuani saa sita mchana. Iko kwenye nyumba mnayolala. Uliza kama kuna neti zenye dawa, na kama huna hakika beba zako. Jioni wavishe watoto mikono mirefu na suruali, na wapake dawa ya kufukuza mbu, ila usiipake viganjani mwa mtoto mchanga. Kuhusu vidonge vya kinga, mwone daktari mapema, kwani vingine huanza siku moja au mbili kabla ya safari na vingine majuma mawili au matatu kabla, na vyote huendelea baada ya kurudi. Mtoto mwenye selimundu asisafiri bila ushauri huo, na mama mjamzito vivyo hivyo. Tafadhali usimpe mtoto dawa za kutibu malaria eti zimkinge. Hiyo si kazi yake.

Sasa sikiliza kwa makini. Tangu mbu amwume mtoto mpaka homa itokee, kwa kawaida hupita siku 7 hadi 14, wakati mwingine mwezi au zaidi. Mtalala Watamu Jumamosi, mtarudi, na juma la pili mtoto ataanza kutetemeka hapa Bisil penye baridi. Wewe utasema ni mafua. Muuza dawa atasema ni taifodi. Na daktari wa hapa, akimwona mtoto wa nyumba ya wafugaji ana homa na maumivu ya viungo, atafikiria kwanza brusela, ile homa ya maziwa mabichi, na hatakuwa amekosa akili. Kila mmoja atapoteza siku moja au mbili, na malaria kali haihitaji siku nyingi kumwua mtoto.

Kwa hiyo neno la kwanza unaloingia nalo katika chumba cha daktari liwe: "Tulikwenda pwani." Taja tarehe. Omba damu ipimwe siku hiyo hiyo, na kama kipimo kitasema hapana na homa iendelee, kirudiwe kesho yake. Degedege, kutapika kila anachomeza, usingizi usio wa kawaida, kuhema kwa shida au mkojo mweusi ni mambo ya kukimbiza gari usiku huo huo. Akiandikiwa vidonge vya AL, ni vipimo sita kwa siku tatu, amalize vyote hata homa ikikata siku ya pili, na ameze pamoja na maziwa. Mafuta ya maziwa huisaidia dawa kuingia mwilini, nasi maziwa hatuna uhaba nayo.

Jambo moja wazazi husahau. Wengi husafiri juma la mwisho la likizo, kisha watoto wanarudi shule za bweni. Homa itamkuta huko, mikononi mwa mlezi wa bweni asiyejua mlikuwa wapi, naye atampa panadoli na kumwambia akalale. Andika kwenye karatasi majina ya watoto, mahali mlipolala na tarehe, uiweke mkononi mwa mlezi huyo siku ya kufungua shule, na umwombe aihifadhi kwa miezi mitatu.