Mwanzo, Mageuko na Selimundu: Imani Yetu Mbele ya Sayansi ya Uhai



Kijana anayesoma sekondari hapa Ifakara hukutana na masimulizi mawili ya asili ya mwanadamu ndani ya juma moja. Kanisani husikia kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi kwa siku sita, akamfinyanga mtu kwa mavumbi ya ardhi. Darasani hufundishwa kwamba viumbe vimebadilika polepole kwa mamilioni ya miaka, na husoma habari za nyayo za Laetoli, huko Ngorongoro, zilizoachwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Wapo wanaodhani kwamba inawapasa kuchagua: ama kubaki na imani na kuifumbia macho sayansi, ama kuifuata sayansi na kuiacha imani. Mama Kanisa hamdai mwanawe yeyote uchaguzi huo.

Maandiko yanafundisha nini?

Anayesoma kwa makini sura mbili za kwanza za Kitabu cha Mwanzo huona jambo la kushangaza. Katika sura ya kwanza mwanadamu anaumbwa baada ya wanyama. Katika sura ya pili mtu anafinyangwa kwanza, ndipo wanyama wanaletwa kwake awape majina. Tena, nuru inatokea siku ya kwanza, ilhali jua linawekwa angani siku ya nne. Waliokikusanya kitabu hiki waliziona tofauti hizo, wakaziacha zikae pamoja, kwani hawakuwa wakiandika orodha ya matukio kwa tarehe zake. Walitangaza kwamba Mungu ni mmoja. Kwamba jua na mwezi ni kazi ya mikono yake, wala si miungu. Kwamba ulimwengu ni mwema. Na kwamba mtu, mume na mke, ni sura ya Mungu. Hata anguko la wazazi wetu wa kwanza, ingawa limesimuliwa kwa lugha ya mifano, linafundisha tukio la kweli mwanzoni mwa historia: mwanadamu aliutumia vibaya uhuru wake.

Usomaji wa namna hii haukubuniwa jana. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alikwisha kutafakari kwa kina maana ya zile siku sita. Aliwaonya Wakristo wasiyatumie Maandiko kutetea hoja zisizo za kweli kuhusu maumbile, wasije wakawafanya wasioamini wadharau hata habari ya wokovu. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, unatutaka tuzingatie aina ya uandishi iliyotumiwa na kila mwandishi mtakatifu.

Kanisa limesema nini kuhusu mageuko?

Mwaka 1950, katika waraka wa Humani Generis, Papa Pio XII aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa binadamu kutokana na viumbe vilivyotangulia, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Mtakatifu Yohane Paulo II aliiambia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia hii imekwisha kuwa zaidi ya dhana tu. Mwaka 2014 Papa Fransisko alieleza kwamba mageuko hayapingani na uumbaji, maana lazima kwanza viwepo viumbe vya kubadilika.

Mkulima wa bonde letu anaweza kulielewa jambo hili bila shida. Ukimwuliza kama mpunga wake umetokana na jembe lake, au na mbegu, au na maji ya mto, atacheka. Vyote vimefanya kazi, kila kimoja kwa nafasi yake. Na mwamini bado anamshukuru Mungu wakati wa mavuno. Vivyo hivyo, anayeeleza jinsi viumbe vilivyobadilika hajamwondoa Muumba. Naye mwanasayansi anayesema kwamba mageuko yanathibitisha kuwa hakuna Mungu amevuka mpaka wa sayansi yake.

Bonde la Kilombero kama darasa

Mabadiliko ya viumbe hayako katika mawe ya kale pekee. Wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy katika miaka ya 1950, wameyaona kwa mbu wa bonde hili. Dawa ya chandarua huwaua mbu wengi, lakini wachache wenye uwezo wa kuihimili hubaki na kuzaa, na uwezo huo huenea vizazi hata vizazi. Vimelea vya malaria navyo viliizoea klorokwini hata nchi yetu ikalazimika kuiacha mwaka 2001.

Malaria imeacha alama katika damu yetu pia. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kwamba mtu aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana chembe hiyo imeenea palipo na malaria nyingi. Lakini wazazi wawili wenye chembe hiyo wanapopata mtoto, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kwa nne kwamba mtoto atairithi kwa wote wawili na kuugua. Mtawa Mkatoliki, Gregor Mendel, ndiye aliyefungua njia ya kuzielewa kanuni za urithi kwa majaribio ya njegere aliyoyachapisha mwaka 1866.

Kwa nini Mungu aruhusu hivyo?

Hapa ndipo swali linapouma. Mama aliyekesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa hapati faraja kwa kuambiwa kwamba chembe hiyo iliwakinga wengine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 310) inafundisha kwamba Mungu ameumba ulimwengu ulio safarini kuelekea ukamilifu, na kwamba maadamu safari haijaisha, mema ya maumbile huambatana na mabaya yake. Mtume Paulo anasema viumbe vyote vinaugua kama mwenye utungu wa kuzaa (Rum 8:22). Hilo halimalizi fumbo la mateso. Lakini Kristo mwenyewe aliingia katika mwili huu unaougua, akafa na kufufuka ndani yake.

Tena, wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, Yesu alikataa kumlaumu yeye au wazazi wake (Yn 9:3). Hapa imani na sayansi zinasema kwa sauti moja: selimundu si laana, si adhabu, wala si kazi ya mchawi wa jirani. Katekista anayefundisha hivyo huokoa ndoa zisivunjwe na wazee wasisingiziwe. Wachumba na wapime damu kabla ya ndoa ili wajue hali yao, mtoto mgonjwa apelekwe hospitali mapema, nasi tuendelee kulala ndani ya chandarua. Akili inayochunguza ni zawadi ya Mungu yuleyule aliyetuumba kwa sura yake.