Kiini cha Atomu na Mionzi Isiyo na Swichi

Mgonjwa wa tezi ya thairoidi anayeambiwa kwamba atapewa dawa ya nyuklia huweza kushtuka, kwa kuwa wengi wamelisikia neno hilo likitajwa pamoja na mabomu. Kwa asili neno hilo lahusu kiini, yaani sehemu ya katikati ya atomu, iliyomo katika kila kitu, ukiwamo mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikwisha kujulikana kuwa ndani ya atomu mna elektroni zenye chaji hasi. J. J. Thomson wa Cambridge alidhani kwamba chaji chanya imetapakaa katika atomu yote, nazo elektroni zimo ndani yake kama zabibu kavu ndani ya keki.

Dhana hiyo ilitikiswa mjini Manchester, katika maabara ya Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand. Mwaka 1909 msaidizi wake, Hans Geiger, na mwanafunzi Ernest Marsden walielekeza chembe za alfa kwenye metali mbalimbali, zikiwamo tando nyembamba za dhahabu. Kila chembe ilipogonga kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki, palitokea kimweko hafifu. Watafiti hao walikaa gizani hadi macho yao yazoee, kisha wakavihesabu vimweko kimoja kimoja kwa hadubini. Kazi hiyo ilidai uvumilivu kuliko kipaji.

Chembe nyingi mno zilipenya tando hizo bila kupinda sana. Lakini chache ziligeuka na kurudi zilikotoka. Kwa platinamu, takribani moja katika kila 8,000. Chaji iliyotapakaa kama keki haiwezi kurudisha chembe yenye kasi namna hiyo. Rutherford alikokotoa, na mwaka 1911 akachapisha hitimisho lake: karibu uzito wote wa atomu umekusanyika mahali padogo mno katikati. Upana wa kiini haufiki hata sehemu moja ya 10,000 ya upana wa atomu.

Kwa mhudumu wa afya, jambo la kushika hapa ni chanzo cha mionzi. Eksirei huzalishwa na mashine kwa kutumia elektroni. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Mionzi ya gama hutoka ndani ya kiini chenyewe, nacho hakina swichi. Ndiyo maana mgonjwa aliyepigwa picha ya eksirei aweza kumpakata mwanawe papo hapo, ilhali aliyemeza ayodini-131 huagizwa akae mbali na watoto na wajawazito kwa muda. Kila baada ya siku 8 hivi, nusu ya viini vya ayodini hiyo huwa vimekwisha kugeuka. Aidha, sehemu kubwa ya dawa hutoka kwa mkojo. (Kipimo cha MRI nacho hutumia viini, vile vya hidrojeni ya mwilini, lakini havivunjiki wala havitoi mionzi ya gama.) Idadi ya siku za kujitenga hupangwa na idara husika kwa kuzingatia kiasi cha dawa alichopewa mgonjwa, na yafaa aelezwe kabla hajaimeza.