Tarehe Moja, Siku Mbili: Mifumo ya Afya Isiposikilizana kati ya Kitale na Bungoma

Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi mjini Kitale anaweza kuhamia kwa jamaa zake Bungoma. Yeye atafika kwa matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Je, kumbukumbu zake za matibabu nazo zitafika?

Suala hili lina mizizi katika kanda hiyo yenyewe. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, una kliniki Kitale na Webuye. Tajriba ya kuhifadhi kumbukumbu kwa kompyuta katika kituo cha Mosoriot ilichangia kuundwa kwa OpenMRS, programu iliyoasisiwa mwaka 2004 na ambayo leo hutumika katika mataifa mengi. Programu za aina hii huwasiliana kwa huduma za wavuti: moja huuliza kwa ujumbe wa maandishi, nyingine hujibu kwa muundo uliokubaliwa.

Mawasiliano hayo yakikwama, seva hutoa tarakimu. 404 humaanisha kilichoombwa hakikupatikana; 401, mwombaji hajathibitisha utambulisho wake; 500, seva imekwama ndani kwa ndani. Hitilafu hizi zina uungwana, kwani hujitangaza. Ya hila ni 200, yaani "sawa", ilhali kilichopokelewa kimepotoka.

Mathalan, mgonjwa amezaliwa tarehe 5 Aprili 1980. Seva ya kwanza huihifadhi kama saa sita usiku, kwa saa za Afrika Mashariki. Seva ya pili imewekwa kwa saa za kimataifa, zilizo nyuma kwa saa 3. Kwayo wakati uleule ni saa tatu usiku wa tarehe 4, na ikiondoa saa, mgonjwa huzaliwa siku moja mapema. (Mswahili wa jadi, ambaye siku yake huanza jua linapotua, hatashangaa kwamba saa moja inaweza kuwa na tarehe mbili.) Wakati wa majaribio, kompyuta zote zikifuata saa za Nairobi, kasoro hii haionekani. Tena, 05/04/1980 kwa programu ya Kimarekani ni tarehe 4 Mei. Ongeza jina Barasa lililoandikwa Baraza kwingineko, na utafutaji hautoi kitu. Karani hufungua faili jipya, naye tabibu huweza kumrudishia mgonjwa dawa ambazo zilikwisha kushindwa mwilini mwake.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa mtandao. Ni heri kuchukua rekodi moja ya majaribio, kuituma, kisha kusoma ujumbe wenyewe katika ncha zote mbili kabla programu haijaufasiri. Tarehe ya kuzaliwa isafiri bila saa, kwa mpangilio wa 1980-04-05. Nambari ya mgonjwa iwe na tarakimu ya uhakiki. Kanuni ya Luhn hunasa kosa lolote la tarakimu moja. Jina libaki la kuthibitishia tu. Na kwa wazee wasiojua siku waliyozaliwa, OpenMRS ina alama ya kuonyesha kuwa tarehe imekadiriwa. Alama hiyo nayo sharti isafiri. Ikiachwa nyuma, 1 Januari ya kukisiwa hupokelewa Bungoma kama siku halisi.