Kidato cha sita si mlango pekee: Njia nyingine za kuingia chuo kikuu na masharti yake

MATOKEO ya kidato cha sita yanapotangazwa, macho ya wengi huelekezwa kwa waliofaulu vizuri. Picha za watahiniwa bora huchapishwa, wazazi wao huhojiwa na shule zao hupongezwa. Kundi jingine hunyamaza. Ni vijana waliokosa pointi moja au mbili, na pamoja nao watu wazima waliowahi kupita hapo zamani, wakaingia kazini na kuamini kwamba chuo kikuu kimewapita.

Kwa wengi wao imani hiyo si sahihi. Utaratibu wa udahili nchini Tanzania, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), unazitambua njia kadhaa za kufikia shahada ya kwanza. Njia hizo ni halali, lakini si za mkato. Kila moja ina kipimo chake, na anayeiingia bila kukifahamu kipimo hicho huweza kupoteza miaka na ada kwa cheti kisichomfikisha popote.

Kipimo cha kawaida

Mwombaji wa kidato cha sita hutakiwa kuwa na jumla ya pointi zisizopungua 4.0 kutoka masomo mawili yanayohusiana na kozi anayoiomba. Kwa hesabu ya sasa, alama A ina pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Mwenye D mbili amefikisha kiwango, na mwenye C na E amefikisha pia. Mwenye D moja na E moja amebaki na pointi 3, hivyo mlango wa moja kwa moja umefungwa kwake.

Hicho ni kiwango cha chini cha jumla. Kozi nyingine hudai zaidi. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, huhitaji ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia wenye pointi zisizopungua 6, na alama isiyo chini ya D katika kila somo. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuwa na sifa za kuingia chuo kikuu, lakini akakosa sifa za kozi anayoitamani.

Ngazi ya stashahada

Njia inayoeleweka zaidi ni ya stashahada. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu angalau masomo manne, bila kuhesabu ya dini, anaweza kuanzia ngazi ya nne ya tuzo za elimu ya ufundi, kupanda ya tano na kumalizia ya sita, ambayo ndiyo stashahada. Aliyefika kidato cha sita na kukosa pointi za shahada anaweza kuanzia juu zaidi na kufupisha safari, mradi awe na ufaulu unaokubalika.

Mwenye stashahada ya ngazi ya sita hutakiwa kuwa na wastani wa alama, maarufu kwa jina la GPA, usiopungua 3.0 ili kuomba shahada. Kwa stashahada ya ualimu kipimo ni wastani wa B, na kwa wenye cheti cha fundi sanifu cha FTC ni wastani wa C. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kijana huingia chuo cha kati akiamini kwamba kumaliza kunatosha, akapata GPA ya 2.7, na kugundua siku ya kuomba shahada kwamba amehitimu stashahada ila hakupata tiketi ya chuo kikuu.

Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba cheti cha kidato cha nne humfuata mwombaji hadi mwisho. Stashahada nzuri haifuti alama za sekondari. Tabibu mwenye stashahada ya tiba anayetaka kusomea udaktari hutakiwa kuwa na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, lakini pia angalau alama D katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza za kidato cha nne. Aliyepata F ya Hisabati miaka kumi iliyopita hulazimika kurudi kuifanya upya kama mtahiniwa wa kujitegemea wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), hata kama amekwisha kutibu mamia ya wagonjwa.

Kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria

Njia ya pili ni kozi ya msingi inayotolewa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kuwafikia wasioweza kuacha kazi na familia kwenda kukaa bwenini. Kozi hiyo hufuata makundi ya sanaa, sayansi na biashara.

Anayeimaliza hutakiwa kupata GPA ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi. Juu ya hapo, awe na angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, au stashahada yenye GPA isiyopungua 2.0, au cheti cha ngazi ya tano ya elimu ya ufundi. Sharti hili la pili ndilo lenye maana kubwa. Kozi ya msingi huwafaa waliokaribia kiwango wakakikosa kwa kidogo, mathalani yule mwenye stashahada ya GPA 2.7. Haikukusudiwa kumtoa mtu kidato cha nne na kumruka moja kwa moja hadi shahada.

Kazi inapogeuka sifa

Njia ya tatu ni ya watu wazima. Chimbuko lake liko kwenye Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambapo Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba wanafunzi wasiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, bali kwanza wafanye kazi. Uamuzi huo ulikuja kulegezwa, kwanza kwa wanawake, ambao idadi yao chuoni ilikuwa imeshuka. Lakini wazo lililobaki ni kwamba ujuzi wa kazini nao ni aina ya elimu. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokea waombaji wenye umri usiopungua miaka 25 kwa mtihani maalumu wa watu wazima.

Leo wazo hilo limo ndani ya utaratibu wa kutambua maarifa ya awali, unaojulikana kwa kifupi cha RPL na kuratibiwa na TCU kupitia vyuo. Mwombaji huandaa jalada la ushahidi wa aliyoyafanya: barua za waajiri, vyeti vya mafunzo kazini, taarifa alizoandika na kazi alizosimamia. Kisha hupimwa kwa mtihani.

Chukulia mtunza hesabu wa duka la jumla Kariakoo, mwenye miaka 32, aliyefunga hesabu za mwaka mara nane na kukaa mezani na wakaguzi wa kodi. Ana kitu cha kuonyesha katika uhasibu. Mtu huyo huyo akiomba uhandisi kwa sababu tu kozi hiyo ina soko, jalada lake halitamsaidia, kwa kuwa linalotambuliwa ni ujuzi unaohusiana na kozi, wala si umri wala idadi ya miaka aliyokaa kazini.

Wanaofanya mtihani huu bila maandalizi hukutana na ugumu wa namna nyingine. Mtu anayefanya kazi vizuri kwa mikono na kwa mazoea huweza kushindwa kuieleza kwa maandishi. Kwa hiyo kujifunza upya kuandika hoja na kusoma kwa Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya kufundishia vyuoni, ni sehemu ya safari.

Wapo pia wanaohitaji kuanza chini zaidi. Asiyemaliza sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa wa NECTA, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa mwaka 1975, ni miongoni mwa zinazowaandaa wasomaji wa aina hiyo. Ni safari ndefu, lakini kila hatua yake ina cheti kinachotambulika.

Fundisho la mwaka 2016

Kwa nini masharti yaangaliwe kwa makini kiasi hicho? Jibu linapatikana Dodoma. Mei 2016, wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia katika Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa nyumbani baada ya masomo yao kusimama kutokana na mgogoro wa malipo ya wahadhiri. Ulipofuata uhakiki, waliokutwa na sifa walihamishiwa vyuo vya ualimu, na wasio nazo wakaondolewa. Vijana hao hawakughushi chochote. Waliitwa, wakaenda. Ila programu yenyewe ilikuwa ya dharura, na dharura ilipokwisha wao ndio waliobeba gharama.

Mwaka huo huo kiwango cha stashahada kwa wanaoomba shahada kilipandishwa hadi GPA ya 3.5, kisha kikashushwa hadi 3.0. Aliyekuwa na GPA ya 3.2 alijikuta nje msimu mmoja na ndani msimu mwingine, ilhali cheti chake hakikubadilika hata herufi moja. Ndiyo maana mwongozo wa udahili wa mwaka husika, unaotolewa na TCU, ndio wa kufuatwa, na si maelezo ya ndugu aliyedahiliwa miaka mitano iliyopita.

Maswali kabla ya kulipa ada

Mzazi au mwombaji anayetaka kushika njia hizi hana budi kupata majibu ya maswali matatu. La kwanza, je, chuo na programu yenyewe vinatambuliwa? Kwa vyuo vikuu jibu liko TCU, na kwa vyuo vya kati liko Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Chuo kuwa na usajili hakumaanishi kwamba kila kozi yake imeidhinishwa.

La pili, je, cheti kitakachopatikana kinaingia katika kozi gani ya shahada? Mwongozo wa TCU huorodhesha sifa za kila kozi ya kila chuo, kwa wanaotoka kidato cha sita na kwa wenye sifa linganishi. Ni busara kuanza na shahada inayotakiwa, kisha kurudi nyuma hadi stashahada inayoielekea.

La tatu, je, nyaraka zimekamilika? Mwenye stashahada huhitaji namba ya uhakiki wa tuzo, yaani AVN, kutoka NACTVET, na kuichelewa ni kuhatarisha dirisha la udahili. Aliyesoma sekondari nje ya nchi hupeleka vyeti vyake NECTA ili vilinganishwe.

Pamoja na hayo, kupata udahili si kupata mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina mwongozo wake kila mwaka na vigezo vyake. Mfanyakazi mwenye familia anayeingia chuo akiwa na miaka 38 afanye hesabu ya ada na ya nyumbani kabla ya kuandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri.

Njia hizi zote zina jambo moja linalofanana: hazimpunguzii mtu mzigo, zinaugawa tu kwa namna nyingine. Wa kidato cha sita huubeba kwa mitihani ya wiki chache, wa stashahada huubeba kwa miaka mitatu ya alama zisizoyumba, na mtu mzima huubeba kwa miaka ya kazi na jalada la kuithibitisha. Wote wakifika darasani mwaka wa kwanza, mhadhiri hatauliza nani alipitia wapi, na mtihani watakaopewa ni mmoja.